Kilichokuja Ndani ya Ndoo

Samaki aliyeletwa jana akiwa hoi, tumbo juu, leo alikuwa anakatiza ndoo yake huku na huku kama mwenye nyumba aliyerudi safari. Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari aliinama akamtazama, akanyooka, kisha akainama tena. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikosa raha, kwa sababu moja tu: hakuwa amempa dawa yoyote.

Udaktari wenyewe ulianza kwa utani. Siku moja mumewe, fundi wa makochi, alimkuta bafuni amempakata samaki kwenye kitambaa kilicholowa, anampaka dawa ya kidonda kwa kijiti cha pamba na kumbembeleza kama mtoto mchanga. Fundi alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni, maana bwana huyo hakosi misumari mdomoni hata akiwa na wageni. Tangu hapo ikawa Daktari huku, Daktari kule, na majirani waliokuja kucheka wakaishia kuleta wagonjwa wao. Walikuja samaki wenye kuvu mgongoni, wenye madoadoa meupe, waliovimba mpaka magamba yamesimama. Wengi walipona. Nyumba ikajaa matangi ya vioo, sebuleni, koridoni, mpaka jikoni kando ya masufuria, na pampu za hewa zikawa zinanguruma kutwa kucha.

Sheria yake haikuwa na mjadala: mgonjwa mpya hachanganywi na wazima. Ana tangi lake dogo, maji ya uvuguvugu, chumvi kiasi, kitambaa cheusi juu ili atulie, na humo atakaa mpaka apone. Bahati mbaya, jana tangi hilo lilikuwa na mgonjwa mwingine wakati mwanamke mmoja mrefu, asiyemfahamu, alipobisha hodi na ndoo yake.

"Utampokea?" aliuliza yule mgeni. Hakutaka kukaa wala hakutaka maji ya kunywa.

"Nitampokea, dada. Ila leo tangi la wagonjwa lina mtu."

"Sasa atakaa wapi?"

"Usijali. Mgonjwa anahitaji mahali padogo, penye joto, pa peke yake. Nyumba hii haikosi chombo. Atapata."

Yule mgeni hakumtazama Daktari wala samaki. Alitazama maji. "Umesikia," alisema polepole, naye Daktari, akidhani anaambiwa yeye, akaitikia kwamba amesikia. Pembeni ya ndoo alikuwa amechutama Kitinda, binti yake wa mwisho na pekee aliyebaki nyumbani, ambaye jina hilo la ukitinda mimba lilimganda tangu azaliwe. Mkono wake ulikuwa majini mpaka kwenye kiwiko.

"Toa mkono, utamtia vijidudu," mama yake alimwambia.

Kitinda akautoa, akaufuta kwenye gauni. Mgeni akaondoka bila kuuliza arudi lini.

Ndiyo hayo ya jana. Leo samaki mzima, na Kitinda hataki chai. Alikaa kwenye kiti cha jikoni amebana mikono mbavuni, kidevu juu, anatazama dari. Mama yake alimgusa paji la uso akitegemea joto, akakuta baridi ya kioo. Mtoto akateremka kitini, akaenda kujisugua mgongo kwenye fremu ya mlango, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Huyu kala nini?" Fundi aliuliza kutoka barazani, amepiga magoti mbele ya kochi lililochanwa tumbo.

"Hajala."

"Basi ndiyo maana."

Daktari hakucheka. Alishaona samaki wengi wakibana mapezi namna ile, wakijisugua kwenye mawe namna ile, wakipanda juu kutafuta hewa mdomo ukiwa wazi. Aliona, akajitia hamnazo, kwa sababu kuna mambo mama hakubali kuyajua kuhusu mwanawe hata kama yamekaa mbele yake kitini.

Halafu kukawa na harufu. Ilikuwa harufu ya tope la chini kabisa kwenye kidimbwi, lile ambalo ukilikanyaga linatoa mapovu. Alimwogesha mtoto kwa sabuni, akamwogesha tena, akabadilisha shuka, na harufu ikabaki pale pale, inatoka kwenye pumzi. Hospitali walimpima kifua, wakampiga picha, wakasema mapafu ni safi kabisa, labda ni kifua cha msimu, wakampa dawa ya maji ya kunywa. Njiani kurudi, Fundi alimbeba mtoto mgongoni. Hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni, na hapo ndipo Daktari alipojua kwamba mumewe naye anaogopa.

Kila alipomchungulia yule samaki, alimkuta amenenepa kidogo. Kila alipomchungulia mtoto, alimkuta amepungua.

Jioni umeme ukakatika. Ni jambo la kawaida, na kawaida yake katika nyumba ile ilikuwa kwamba pampu zote hunyamaza kwa mpigo, kimya kinaingia, na Daktari anakimbilia pampu ya betri. Safari hii pampu zilinyamaza, alizisikia zikinyamaza moja moja, ya sebuleni, ya koridoni, ya jikoni, lakini mapovu hayakunyamaza, yaliendelea kububujika mahali fulani gizani kwa utulivu, kama chungu kilichoachwa jikoni, naye akaanza kulifuata tangi lenye mapovu hayo kwa kupapasa, akagusa kioo cha kwanza kikawa kimya, akagusa cha pili kikawa kimya, akapita la wagonjwa, akaipita ndoo, na kadiri alivyosogea sauti ikakua na harufu ya tope ikamjaa puani, mpaka mkono wake ukagusa kitasa cha mlango wa chumba cha mtoto, na akasimama hapo, kwa sababu ndani ya chumba kile hakukuwa na tangi hata moja, kulikuwa na kitanda tu, na kitandani mtoto wake. Aliingia. Akainamisha sikio kwenye kifua cha Kitinda. Mapovu yalikuwa humo.

Fundi, ambaye maisha yake yote aliwacheka waganga, ndiye aliyekwenda kumleta mganga. Alimleta mtu wa makamo mwenye miwani na mkoba wa ngozi, aliyeonekana zaidi kama wakala wa bima. Mganga alivua viatu mlangoni, akanusa, akauliza swali moja tu: "Mnafuga nini?"

"Hatufugi," Daktari alinong'ona. "Tunatibu."

Walimkuta Kitinda ameketi kitandani, macho wazi. Mganga akavuta kiti, akafungua mkoba, akatoa ubani na kitambaa cheupe, akasema kwa sauti ya kazi, "Wewe uliye ndani ya mtoto huyu, jitambulishe."

Daktari alijiandaa kwa ngurumo. Iliyotoka ilikuwa sauti ya chini, ya adabu, iliyochoka, sauti ya mtu aliyekaa kwenye foleni tangu alfajiri.

"Samahani kwa usumbufu," ilisema. "Mimi ni mgonjwa."

Fundi alishika ukuta.

"Nani kakuruhusu kuingia humu?" mganga aliuliza.

"Mahali padogo," ilisema sauti. "Penye joto. Pa peke yangu. Daktari ndiye aliyeelekeza. Nimefuata."

Daktari akakaa sakafuni. Alitaka kusema kwamba alikuwa anaongea na mteja, kwamba alikuwa na maana ya beseni, karai, hata sufuria, kwamba hakuna mama wa kutoa mwanawe awe chombo. Maneno aliyokuwa ameyasema hapo mlangoni aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe, na sasa alijilaumu kwa uchungu ambao hajawahi kuujua.

"Nitakutoa," alisema mganga, akawasha ubani.

"Unaweza," sauti ilikubali. "Lakini nikitoka sijapona nitashika chochote kilicho karibu, kama wanavyofanya wanaozama. Kilicho karibu ni pumzi yake. Angalia." Kifua cha mtoto kikasimama. Hakikupanda, hakikushuka, midomo ikaanza kugeuka rangi, na Fundi akaanza kulia kwa sauti kama mtoto yeye mwenyewe, mpaka mganga alipouzima ubani kwa vidole vyake. Kifua kikarudi kufanya kazi.

Mganga alifunga mkoba. "Mama," alisema, bila kumtazama, "kazi yangu ni kufukuza wavamizi. Huyu siye mvamizi. Kaja kutibiwa, na mwenye matibabu ni wewe. Nisamehe." Akatoka na viatu vyake mkononi.

Wakabaki watatu, au tuseme wanne. Daktari alipiga moyo konde. Alisogea kitandani, na mdomo wake ukauliza swali ambalo uliwauliza wateja wote, kwa sababu hakuwa na jingine.

"Unaumwa nini?"

"Maji yetu yameharibika," ilisema sauti. "Tulikokuwa tunaishi hakupumuliki tena. Yamenichoma ndani. Yule aliyenileta alikuwa anachota kwetu. Nikamwomba anipeleke kwa mtu mwenye mkono mzuri."

"Na nikikuponya?"

"Nitatoka mwenyewe. Mgonjwa akipona hana sababu ya kukaa."

Basi akamtibu. Nani angefanya vingine? Aliziba madirisha kwa shuka nyeusi, akamkalisha mwanawe kwenye beseni kubwa la kufulia, maji ya uvuguvugu mpaka kifuani, chumvi kiasi, mrija wa pampu ukitoa hewa miguuni. Alipima joto kwa kipimajoto cha samaki. Alikuwa anachota maji kidogo na kuongeza mapya kidogo, kamwe si yote kwa mara moja, kwa sababu mgonjwa hashtuliwi, na maji aliyoyachota yalitoka meusi, mazito, yenye harufu ya kutoa machozi. Fundi alichemsha maji mapya na kumwaga ya zamani chooni, akapanda na kushuka na ndoo, na makochi ya watu yakabaki barazani matumbo wazi. Mara nyingine aliyekuwa kwenye beseni alikuwa Kitinda, akiuliza kama anaweza kutoka kucheza. Mara nyingine ilikuwa ile sauti, ikisema asante.

Hapa kuna jambo ambalo Daktari hakumwambia mumewe. Mkono wake ulipoanza kuleta nafuu, maji yalipoanza kutoka ya kahawia, kisha ya kijivu, kisha meupe, alisikia fahari. Fahari ile ile ya siku zote, ya kumwona mgonjwa akirudi. Aliionea aibu, lakini aliisikia.

Asubuhi moja harufu ilikuwa haipo. Kitinda alikaa kwenye beseni, vidole vimemkunjamana, anatetemeka kwa baridi kama mtoto yeyote aliyekaa sana majini, akasema ana njaa. Akala chapati tatu na kuomba nyingine. Fundi alicheka, akalia, akatia misumari mdomoni, na siku ile nyundo ilisikika barazani mpaka jua linazama. Ndoo ya yule mwanamke mrefu walikuta imekauka, na samaki hayumo.

Daktari alitangaza kwamba ameacha kazi. Aliwarudishia watu samaki wao, akakausha matangi, akayageuza juu chini uani. Waliomdhihaki walimsihi aendelee, naye akakataa katakata. Alimlaza Kitinda pembeni yake kila siku, na kila alipomsikia akipumua vizuri alishukuru kimoyomoyo na kulala tena. Aliona ameponea chupuchupu. Alianza hata kucheka.

Ilikuwa mchana mweupe, Fundi kaenda kupeleka kochi, hodi ilipobishwa mlangoni kwa adabu. Daktari alifungua kidogo. Yule mwanamke mrefu alikuwa amesimama kizingitini, mikono mitupu, nguo zimelowa mpaka magotini. Nyuma yake kulikuwa na watu wengine wenye ndoo, wamepangana vizuri mmoja nyuma ya mwingine, kuteremka ngazi, kupita kwenye geti, kufuata ukuta mpaka kwenye kona ya barabara na labda baada ya kona. Hakuna ndoo iliyokuwa na samaki.

"Alipona," alisema yule mwanamke. "Kawaambia wenzake una mkono mzuri."

"Nimeacha," Daktari alinong'ona. "Matangi yamekauka. Sina chombo."

"Hawakuja kwa ajili ya matangi, dada."

Daktari alifunga mlango, akapiga komeo, akauegemea kwa mgongo wake wote. Aliwaza mlango wa uani, aliwaza kumbeba mtoto na kukimbia, aliwaza mji mwingine mkavu usio na mto wala kisima. Alikuwa bado anawaza hayo alipohisi nyayo zake zimepoa, na alipotazama chini aliona maji yakipenya chini ya mlango, taratibu, bila haraka, yakitandaa sakafuni kuelekea ndani.

Mbele yake, katikati ya korido, Kitinda alikuwa amesimama peku. Macho yalikuwa yake mwenyewe, sauti ilikuwa yake mwenyewe, hapakuwa na mtu mwingine ndani yake.

"Mama, usiwafukuze," alisema. "Wanaumwa kweli. Mimi nimeshazoea, wakija mmoja mmoja nitawaweza."

Kisha akakunja mikono ya gauni lake, akakaa sakafuni, na kuweka kiganja kwenye maji.