Virusi Kwenye Kompyuta ya Parokia

Kila Alhamisi baada ya masomo, Danielle alivua viatu mlangoni mwa ofisi ya parokia, pale mtaani Kikula, akakaa na wenzake wa kwaya mbele ya kompyuta. Mtaa mzima haukuwa na nyingine. Mishahara ya baba zao ilikuwa imesimama, lakini Masœur Émérence, mtawa wa parokia, alikuwa amesema kwamba watoto wa kwaya watajua kuandika kwa mashini. Walikuwa wakiandika nyimbo za Noeli.

Alhamisi hiyo, herufi zilianza kuporomoka. Zilishuka moja moja kwenye kioo, zikarundikana chini kama mahindi yaliyopukuchuliwa. Papa Isidore, mkuu wa kwaya, akaja mbio. Aliizima mashini, akaiwasha, herufi zikaanguka tena.

"Umeme wa bwawa la Koni unakatika kila siku," alisema. "Ugonjwa wa mashini ungekufa pamoja na umeme. Huu unaofufuka ni uchawi."

Akauliza ni nani huingia humo peke yake. Watoto wakamtazama Mama Chérie, mjane aliyefagia ofisi. Papa Isidore akamwambia aache ufunguo na asirudi. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake. Mama Chérie aliuweka ufunguo mezani.

Danielle akasimama. Rolly, rafiki yake, akamvuta gauni na kumnong'oneza, "Weye, kaa. Watatufukuza wote."

"Papa, ni miye," Danielle alisema. "Niliweka disketi ya mchezo, ile Rolly alipewa na kaka yake wa Lubumbashi. Masœur alitukataza disketi za nje. Mama Chérie haiko na kosa."

Masœur Émérence alipoitwa, aliomba aione disketi hiyo, akatikisa kichwa.

"Hii inaitwa virusi," alisema. "Si pepo, wala si kidudu cha mafua. Ni programu, yaani maagizo ambayo mtu mwenye akili na nia mbaya ameyaandika. Inajinakili kutoka disketi hadi mashini, na kwa kuwa imeandikwa ndani, umeme ukikatika haifutiki."

"Basi tusiombe?" Papa Isidore aliuliza.

"Tumwombee aliyeiandika, Papa. Mashini tutaitafutia programu ya kuisafisha."

Programu hiyo ilitoka Lubumbashi kwa mapadre. Adhabu ya Danielle na Rolly ilikuwa kuandika upya nyimbo zote, na waliziandika. Kisha Masœur akamsimamisha Danielle mbele ya kwaya awaeleze wenzake virusi ni nini, na kwa nini kila disketi ikaguliwe kwanza. Alieleza bila kukwama, na mama yake, aliyekaa nyuma, alinyoosha shingo ili watu waone huyo ni mtoto wa nani.

Papa Isidore alimrudishia Mama Chérie ufunguo kwa mikono miwili, akamwomba msamaha mbele ya wote.

Mama Chérie alimkumbatia Danielle. "Mwanangu, kuijua mashini ni vizuri, endelea," alisema. "Lakini siku ile ulikuwa bado huijui, ukasema kweli tu, na miye nikapona. Anza hivyo siku zote. Maelezo mengine utafundishwa."