Mchezo wa Kusikiliza

Kila jioni, akitoka shule, Sindano alikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo, kuchota maji bombani, na kumfundisha mdogo wake. Mbili za kwanza alizifanya bila kunung'unika. Ya tatu ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliitwa Sindano kwa sababu alikuwa mwembamba, mwepesi, na ulimi wake ulichoma. Alikuwa darasa la sita. Mdogo wake ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza, na pale nyumbani hakuna aliyemwita kwa jina lake la shule. Walimwita Chiriku. Mtoto huyo alianza kuzungumza anapofumbua macho asubuhi, akaendelea mpaka usingizi umkate katikati ya maneno. Alizungumza na kuku, na viatu vyake, hata na uji ukiwa wa moto. Bibi alikuwa akisema, "Huyu mjukuu wangu amemeza redio."

Bibi alikuwa ameshafariki. Miezi yake ya mwisho ilikuwa ya kimya. Kiharusi kilimpooza upande mmoja kikamnyang'anya na usemi, akabaki kulala katika chumba cha nyuma akiwatazama tu. Akihitaji kitu, aligonga kikombe cha bati kwa kijiko, to, to, nao wakakimbia kumwona. Tangu alipozikwa, chumba kile kilifungwa kwa ufunguo. Mama aliingia kufagia mara mojamoja, akatoka haraka huku anajifuta macho.

Mama alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, akarudi nyumbani giza likianza kuingia. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuja leo na kuondoka kesho. Kwa hiyo, mwalimu wa darasa la kwanza alipowaita wazazi mwanzoni mwa muhula, ni Mama aliyekwenda. Mwalimu aliwaeleza kwamba mtoto mdogo hasomi shuleni peke yake. Akawapa michezo ya kucheza na watoto nyumbani: kupanga vifuniko vya chupa kwa rangi, kutafuta vitu vya mviringo jikoni, na mchezo wa kusikiliza. Katika mchezo huo mtoto hukaa na mkubwa wake, wakafumba macho, wakatega masikio. Kisha mtoto hutaja kila sauti aliyoisikia, na kusema jina la kitu hicho linaanza na herufi gani.

"Ni muda mfupi tu kila siku," mwalimu alisema. "Lakini kaeni nao. Msiwaachie mchezo wakacheza wenyewe."

Muda huo mfupi Mama alimkabidhi Sindano.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Walikaa sebuleni wamefumba macho, na Chiriku hakukawia. "Nasikia ufagio wa jirani. Unaanza na u. Nasikia baiskeli, inaanza na b. Nasikia tumbo lako, Dada. Linaanza na t, na lina njaa." Sindano alicheka asitake. Lakini nje, mbele ya karakana ya seremala, wasichana wenzake walikuwa wakiruka kamba. Alisikia miguu yao ikipiga chini, na kila mpigo ulimvuta. Mchezo wa Chiriku ulikuwa hauishi, maana Chiriku mwenyewe alikuwa hanyamazi.

Ndipo siku moja Sindano akapata wazo. Alichukua ufunguo nyuma ya kabati, akafungua chumba cha Bibi, akamkalisha mdogo wake juu ya kitanda kitupu.

"Leo tutacheza mchezo wa wakubwa," alisema. "Unakumbuka Bibi alivyonyamaza?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Humu ndani yumo Msikilizaji. Ndiye aliyeichukua sauti yake. Ukikaa kimya na kufumba macho, hakugusi. Ukisema neno moja kabla sijarudi, anaichukua na ya kwako."

"Anaonekana?" Chiriku aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kupungua.

"Haonekani. Anasikika."

Akafunga mlango, akaenda kuruka kamba. Tuseme ukweli, Sindano hakuwa mtoto mkatili. Alitaka kucheza tu, na uongo ule ulimjia kwa urahisi, kama maji ya bomba. Kabla Mama hajafika alikuwa amerudi, na Chiriku alikuwa amekaa palepale alipomwacha.

"Mmecheza mchezo wa mwalimu?" Mama aliuliza usiku ule wakati wa chakula.

"Tumecheza, Mama."

"Na mwenzako kasikia nini leo?"

"Kuku na redio ya jirani," Sindano alijibu bila kupepesa macho.

Ikawa hivyo kila jioni. Kesho yake alitaja paka, keshokutwa gari, na Mama akafurahi kwamba mwanawe anaendelea vizuri. Wiki haijaisha, Chiriku alimvuta Sindano sikio na kumnong'oneza, "Dada, anagonga."

"Nani?"

"Anagonga kikombe. Kama Bibi."

"Acha hizo," Sindano alisema, akacheka. Lakini hakucheka sana.

Baada ya hapo maneno ya Chiriku yakaanza kukauka. Kwanza aliacha kuongea na kuku. Kisha akanywa uji wake bila kuugombeza. Sindano aliona raha, nyumba imetulia. Mama, kwa uchovu wa kazi, alidhani mtoto naye anachoshwa na shule. Halafu ikafika asubuhi ambayo Chiriku aliamka, akavaa, akala, akaenda shule, na hakuna aliyesikia neno kutoka kwake. Ya pili yake ikawa vilevile.

Jioni hiyo Sindano alirudi kumtoa chumbani. Jua lilikuwa linazama. Alipoushika mlango, akasikia.

To. Kimya. To, to.

Kikombe cha Bibi hakikuwamo humo. Mama alikwisha kukiweka pamoja na vitu vingine vya marehemu, akavipeleka kwa shangazi. Sindano alisukuma mlango kwa ncha za vidole. Chiriku alikuwa amekaa kitandani, amefumba macho, viganja vyote viwili ameviweka juu ya mdomo wake. Hapakuwa na mtu mwingine.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tangu jioni ile Sindano hakuosha tena vyombo akiwa ameipa mgongo njia ya chumba cha nyuma. Hakumpeleka tena Chiriku mle ndani, wala kamba hakuitaka. Alijua kabisa kwamba Msikilizaji hayupo, kwa sababu yeye ndiye aliyemtunga. Alimtungia hata tabia. Na bado, kila jua lilipozama, alijikuta amesimama katikati ya sebule anasubiri, na kila siku alisubiri akasikia.

Siku mwalimu alipomwita Mama kwa mara ya pili, Mama alirudi mapema. Aliketi jikoni bila kuvua viatu.

"Mwalimu anasema mdogo wako hajafungua mdomo darasani kwa siku nyingi sasa," alisema. "Akiulizwa, anatikisa kichwa tu. Anasema nimpeleke hospitali akapimwe."

Sindano alikuwa ameshika sufuria. Aliendelea kuisugua mahali palepale.

"Bibi yenu alianza hivihivi," Mama alisema taratibu. "Kabla ya kiharusi maneno yalipungua kidogo kidogo, sisi tukadhani amechoka. Kama ugonjwa ule uko kwenye ukoo wetu, na sasa umemwona mwanangu..." Alijifunika uso kwa mikono yake, na mikono ile ilikuwa bado na unga.

Sindano hakuwahi kumwona Mama akiogopa. Alimwona akilia, akikasirika, akichoka, lakini kuogopa hakuwahi. Aliiweka sufuria chini.

"Mama, si ugonjwa. Ni mimi."

Akasema yote: ufunguo, kitanda, Msikilizaji, kamba, paka na magari aliyoyatunga wakati wa kula. Alisema haraka, akiogopa kwamba akipumzika hatamaliza. Sindano alingoja kofi, akatamani hata lije upesi. Halikuja.

"Mwite mdogo wako," Mama alisema.

Chiriku alikuja akasimama baina yao. Sindano alipiga magoti ili macho yao yalingane. "Nilikudanganya," alimwambia. "Hakuna Msikilizaji. Nilimtunga ili nikacheze. Sema neno lolote, hakuna atakayekuchukulia sauti."

Chiriku alimtazama dada yake kwa huruma, kama vile mkubwa ni yeye. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kuelekea chumba cha nyuma.

Na kule, jua likizama, sauti ikaja. To. To, to.

Sindano alishika nguo ya Mama. "Hata mimi namsikia, Mama," alisema. "Nilimtunga mwenyewe, lakini namsikia."

Mama alisimama. Hakuwa amekaa katika chumba kile tangu msiba. Aliwashika wote wawili mikono, wakaingia, wakaketi kwenye kitanda cha Bibi, Chiriku katikati.

"Sasa tutacheza mchezo wa mwalimu kama alivyoueleza," Mama alisema. "Tunafumba macho sote. Mimi naanza. Nasikia mtu anamimina maji kwenye ndoo. Nasikia moyo wangu." Wakangoja.

To.

"Msifumbue macho," Mama alisema. "Kila mtu anyooshe kidole kule sauti ilikotoka. Mmenyoosha? Haya, tazameni."

Vidole vyote vitatu vilikuwa vimeelekea juu.

Chumba cha Bibi kilijengwa mwisho, fedha zilipokuwa zimekwisha, na hakikuwekwa dari kama vyumba vingine. Juu yao palikuwa na mabati matupu. Mama aliyatazama, akaanza kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na machozi ndani yake. "Kumbe ni nyinyi," aliyaambia mabati. Kisha akawaambia watoto, "Jua linayachoma mchana kutwa, na jioni yanapoa. Kule kazini trei zikitoka tanurini hulia hivihivi. Nazisikia kila siku ya Mungu, na bado nimetetemeka kama mtoto."

Chiriku hakuonekana kuridhika. Mama hakumlazimisha. Alikwenda jikoni, akaiweka trei ya zamani juu ya moto mpaka ikashika joto sawasawa, akaileta kwa kitambaa na kuiweka sakafuni. Wakaizunguka wakiwa wamechuchumaa. Kwa muda haikufanya lolote.

To, ikasema trei.

Chiriku aliruka nyuma, kisha akasogea. Trei ikalia tena, mbele ya macho yake, bila kuguswa na mtu. Aliinama mpaka sikio lake likaikaribia. Midomo yake ikacheza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa.

"Si Bibi," alisema.

"Si Bibi, baba," Mama alijibu.

"Nilidhani anataka maji. Na mimi siwezi kumjibu."

Hapo akaangua kilio, kikubwa, cha mdomo wazi, ambacho bila shaka kilisikika mpaka karakana ya seremala. Mama akampakata akalia naye. Sindano alisimama pembeni, akijua kwamba mdogo wake alikuwa amekaa humu jioni baada ya jioni akimsikia bibi yake akiomba maji, na hakuthubutu kuitika. Alitamani ardhi immeze.

Chiriku alipopitiwa na usingizi, Mama alimwita Sindano karibu.

"Kutaka kucheza si kosa," alisema. "Ungeniambia, tungepanga. Kosa ni kwamba nilikuamini, na yeye akakuamini. Mtoto wa darasa la kwanza hajui kuchambua maneno. Ukimpa herufi, anaibeba. Ukimpa hofu, anaibeba vilevile, na haimtoki kwa sababu tu umesema ulidanganya. Umeona mwenyewe."

"Nimeona, Mama."

"Kesho utakwenda naye kwa mwalimu, umweleze kwa mdomo wako. Na jioni utakaa naye humuhumu, mlango wazi, mpaka achoke yeye, si wewe."

Sindano aliitikia. Akatazama juu, kule ambako giza lilikuwa limeshayafunika mabati.

"Yatalia tena kesho?"

"Yatalia. Kila jua likizama."

"Na nikiogopa? Najua ni mabati, Mama, lakini nikiogopa?"

"Utaogopa," Mama alisema. "Mdogo wako atasahau mapema kuliko wewe, maana yeye alidanganywa tu. Aliyedanganya ni wewe. Utaogopa, na utakaa naye hivyohivyo."

Akambeba Chiriku, akauacha mlango wazi, wakaenda kulala.