Mwizi Aliyeacha Kamera

Kamera ilikuwepo mezani, nzima. Simu ilikuwa kitandani inachajiwa. Pochi ilikuwa juu ya mto, zipu imefungwa. Kilichoibiwa katika chumba namba sita cha gesti ya Mzee Zabron, Iringa mjini, kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba: memori kadi.

"Yaani kaichomoa kadi, halafu kamera akairudisha?" aliuliza Inspekta Damari Mbilinyi.

"Na kifuniko chake kakifunga, afande," alijibu Ruwaida, kisha akaangua kilio.

Jamani! Damari alishapeleleza wizi wa ng'ombe, wizi wa mahindi yakiwa bado shambani, hata wizi wa kengele ya kanisa. Lakini mwizi mwenye adabu? Huyo hakuwahi kukutana naye. Moyo ukaanza kumdunda, na hakuona haya kwa hilo. Wengine wanapenda mpira, yeye alipenda kesi.

Ruwaida alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Mwanjelwa, Mbeya. Alikuja Iringa kutengeneza mwongozo wa video kwa wageni wa mfuko mwepesi: walale gesti gani, wale kwa mama lishe gani, wapande nini na wapi watembee kwa miguu. Wa Mbeya alishautoa, ukatazamwa hadi na bibi yake Mwanakhamisi ambaye simu huwa anaiogopa. Wa Iringa ulikuwa utoke Ijumaa. Kazi yote ilikuwa ndani ya kadi ile.

"Hukuweka nakala kokote?"

"Afande, intaneti ya gesti hii hata picha moja inapanda kwa kudra za Mungu."

"Umewaambia wageni hilo kwenye mwongozo?"

"Nimewaambia mwanzoni kabisa!"

Damari angecheka, lakini mlangoni alikuwa amesimama Tupokigwe, mhudumu wa gesti, mikono ndani ya pingu. Koplo Ezron alimfunga kwa sababu Mzee Zabron, mwenye gesti, alipiga kelele mpaka mama huyo akafungwa. Mbaya zaidi, mtoto wa Tupokigwe, Eveline, alikuwa amepitia pale akielekea shule, akayaona yote. Mtoto alilia getini na sare yake mpaka jirani akaja kumpeleka shule.

"Huyu ndiye mwizi!" alifoka Mzee Zabron. "Koridoni alikuwa peke yake. Kesho afikishwe mahakamani!"

Damari akamgeukia yule mama.

"Ruwaida alipokwenda kuoga, nani alikuwa koridoni?"

"Mimi."

"Mlango alifunga?"

"Aliurudishia tu. Maji ya moto yalikuwa yanapoa."

"Nani mwingine aliingia?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Hakuna, afande."

"Mama, unajielewa lakini? Kama hakuna mwingine, basi ni wewe."

Tupokigwe alimtupia jicho Mzee Zabron, akarudisha macho chini. "Basi andika hivyo."

Damari alikereka kweli. Mtu mzima, ana mtoto wa kusomesha, anajitia kitanzi mwenyewe huku anaona! Hata hivyo lile jicho hakulisahau. Akaagiza apelekwe mahabusu, akabaki chumbani.

Mtaalamu wa alama za vidole alipuliza unga wake kwenye kamera, hakupata kitu. Ilikuwa imefutwa. Damari akapiga magoti sakafuni. Manyunyu ya Juni yalikuwa yanaanguka tangu alfajiri, na ua mzima ulikuwa tope jekundu. Sakafu ya chumba, toka mlangoni hadi mezani, ilikuwa safi.

"Ezron, huyu mtu alivua viatu."

"Mwizi avue viatu, afande? Anakuja kutembelea shangazi?"

Wakati huo Ruwaida alikuwa ameinama kando ya kitanda, ananung'unika.

"Askari wenu nao wangeacha tu msala wangu ulivyo."

"Hakuna aliyeugusa," alisema Damari. "Ndiyo amri yangu ya kwanza nikiingia chumbani."

"Sasa mbona umekunjwa pembe? Mimi asubuhi niliuacha wazi. Dada Tupo aliniita, maji tayari, nikakimbia. Nyumbani bibi angenisema mpaka jioni."

Damari akainuka taratibu. "Akuseme kwa nini?"

"Msala hauachwi wazi, afande. Ukimaliza kuswali unakunja pembe, la sivyo shetani anakuja kuuswalia. Ndivyo tulivyolelewa."

"Kila mtu anafanya hivyo?"

"Kwetu, ndiyo. Huwazi hata. Ukipita ukaukuta uko wazi, mkono unaenda wenyewe."

Damari, Mlutheri wa kuzaliwa, aliitazama ile pembe iliyokunjwa akasikia vinyweleo vinamsimama. Mwizi alikuta msala katikati ya chumba. Akavua viatu asiukanyage na tope. Akachukua kadi, akafuta alama zake, na wakati anatoka akainama akaukunja, kwa sababu mama yake alimfundisha hivyo alipokuwa mdogo. Ujanja wote ule, halafu mkono ukamsaliti!

"Tupokigwe anasali wapi?"

"Moraviani. Anaimba kwaya, sauti ya pili."

"Na Mzee Zabron ninasali naye mimi mwenyewe. Ezron, washa gari!"

Kituoni Damari hakungoja hata kukaa. Alimtoa Tupokigwe mahabusu akamuuliza pale pale mlangoni.

"Mama, kwa nini ulikunja msala?"

"Msala ndiyo nini, afande? Ule mkeka wa Ruwaida?"

"Asante! Sikutaka jibu lingine." Damari alimshika mabega. "Sasa nisikilize. Aliyeingia chumbani siyo wewe, na mimi najua siyo wewe. Mwenzangu, mtoto wako amekuona na pingu. Unamficha nani?"

Tupokigwe machozi yakamtoka.

"Simfichi mtu. Mzee alisema dereva yeyote akivuka koridoni, mimi kazi sina. Nikifukuzwa, Eveline atakula nini?"

"Dereva gani?"

"Anord, wa bajaji. Anayemzungusha Ruwaida. Mgongo ulikuwa unaniuma, akanibebea ndoo mpaka bafuni. Kidogo tu, akatoka. Lakini siyo yeye, afande! Yule kaning'iniza rozari kwenye kioo. Mkatoliki yule kuliko padri!"

"Umewahi kumwona anakwenda kanisani?"

"Hapana, afande. Hata siku moja."

Ruwaida naye, aliyekuwa amekuja kituoni na gari la polisi, akajishika kichwa. "Mungu wangu, Anord! Wiki nzima amekataa kupigwa video. Jana nikampiga kwa siri kutoka kiti cha nyuma, uso wake ukaonekana kwenye kioo anacheka. Leo getini nikamtania, nikamwambia Mbeya nzima itakuona!"

"Akasemaje?"

"Alicheka. Halafu akaniuliza kamera nimeiacha wapi."

Kijiwe cha bajaji hakikuwa mbali. Lakini Anord aliliona gari la polisi likikata kona, akageuza bajaji kwa fujo mpaka muuza ndizi akaruka pembeni. Akashika barabara ya kuteremka Ipogolo, bondeni, yanakosimama mabasi ya barabara kuu.

"Mfuate!" alipiga kelele Damari.

Ezron alimfuata vizuri mpaka mwanzo wa mteremko. Hapo malori yalikuwa yamejipanga, yanapumua moshi, hayaendi wala hayarudi. Bajaji ikapenya kati ya matairi ikapotea. Gari la polisi likanasa.

"Ametutoka!" Ezron aligonga usukani.

"Hajatutoka," Ruwaida alisema kutoka nyuma. Macho yalikuwa yamekauka, yanawaka. "Nimesema kwenye mwongozo: mgeni, ukiwahi basi Ipogolo na ukakuta malori yamejipanga, usipande chochote. Shuka kwa miguu, njia ya kwenye mawe. Hata bajaji itabanwa kule chini, huwa wanabanana darajani. Twende!"

Damari akavua viatu vya kazi, akavishika mkononi. Wakashuka mbio, mawe yanateleza, watu wanaofua wanasimama kushangaa. Wee, mkaguzi wa polisi peku anakimbizana na binti wa hijabu! Mama mmoja akapiga vigelegele bila kujua anamshangilia nani. Damari alianguka mara moja akajiinua, na ukweli ni kwamba alikuwa anacheka. Hakuwa amekimbia hivyo tangu shule.

Walifika kituo cha mabasi kabla ya bajaji. Damari alipata hata muda wa kuvaa viatu. Anord alipojitokeza, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, anakwenda moja kwa moja kwenye basi la Songea, akakuta mtu amesimama mlangoni pa basi.

"Kamwene, Anord," Damari alimsalimia Kihehe, bado anahema.

Hakukimbia. Alivua kofia, akachana pindo kwa kucha, akatoa kadi, akamkabidhi Ruwaida kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilitaka nifute uso wangu tu, kisha nikurudishie. Ni kazi yako, ningeitupaje?"

Waliporudi kituo cha polisi, Damari alianza maelezo ya onyo.

"Hulazimiki kusema lolote. Ukisema, linaweza kuwa ushahidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Yule mama mnamwachia?"

"Ukisema kweli."

"Basi nasema. Jina langu siyo Anord. Ni Farhan. Kwetu Mbeya."

"Uliogopa nani akuone?"

"Mke wangu, Amna."

"Ulimkimbia?"

"Amenizika, afande."

Farhan alisema haraka haraka, kama mtu anayetapika.

"Nilikuwa Makongolosi, nachimba dhahabu. Amna ana mdogo wake, Idrisa. Mama yao hakutaka aende machimboni. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nikaapa mbele ya mama yule kwamba nitamrudisha mzima. Siku ile zamu ya kushuka ilikuwa yangu. Nilikuwa na homa, nikamwomba Idrisa ashuke badala yangu. Shimo likamfunika. Hakutolewa mpaka leo."

"Na wewe?"

"Nilikimbia. Watu walidhani nimo ndani pamoja na Idrisa, maana zamu ilikuwa yangu. Nyumbani wakatuswalia wote wawili. Amna akakaa eda ya mumewe hadi akaimaliza, na mimi niko hai Iringa hapa nabeba abiria. Ningerudi niwaambie nini? Kwamba kaburi langu nimempa mtoto wao? Leo Ruwaida akasema Mbeya nzima itaniona. Nikachanganyikiwa."

"Ukaona mama wa watu anafungwa pingu."

"Niliona. Nikajiambia nitairudisha kadi kesho ataachiwa. Nikaona na mtoto wake. Sikuondoka kijiweni, afande. Nilitaka kuja hapa, miguu ikagoma. Nilipoona gari lenu, ikakimbia."

Damari alikuwa na hasira naye, na alimhurumia, yote kwa mpigo. Akamwita Ezron, akamwamuru amlete Tupokigwe.

Tupokigwe aliingia anasugua viganja. Ruwaida alimrukia akamkumbatia, akamwambia Mzee Zabron ameshapigiwa simu, na kwamba akithubutu kumfukuza kazi, gesti yake haitatajwa popote. Tupokigwe akasema ndaga, asante, kisha akasogea mezani kwa Farhan.

"Dada Tupo, pole. Nimekukosea sana..."

"Pole yako sitaki," alisema Tupokigwe. "Nilikuamini nikakupitisha koridoni. Mwanangu leo kaenda shule anajua mama yake mwizi. Unajua nitamwambia nini jioni? Kweli yote. Itamuuma, lakini nitamwambia. Na wewe unataka nikusamehe? Mpigie mkeo. Sasa hivi, mbele yangu."

Farhan akamwangalia Damari kama anaomba msaada. Damari hakumpa. Kisheria mtuhumiwa ana haki ya ndugu yake kuarifiwa, na kwa mara ya kwanza haki hiyo ilimpendeza kupita kiasi. Akasukuma simu.

Namba hakuwa ameisahau. Ikaita, spika imefunguliwa.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, nyuma yake kelele za soko.

"Amna. Amna, ni mimi. Farhan."

Ukatoka ukelele uliowafanya wote waruke. Amna alilia, akacheka, akaita majirani, akamshukuru Mungu, akamtukana mumewe, akamshukuru Mungu tena. Ruwaida analia. Ezron ameelekea dirishani anajifuta kwa mkono wa sare. Hata Tupokigwe mdomo ulianza kumlegea.

"Uko hai!" Amna alikuwa anapiga makofi, yalisikika. "Mama! Mama, njoo! Wako hai!" Kisha akaisogeza simu karibu, anahema kwa furaha.

"Farhan, mpe simu Idrisa. Mpe mdogo wangu nimsikie."