Miaka Sita Isiyokuwemo kwenye Faili

Mama Pacha alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Alipima presha za kina mama, akabadilisha mashuka, akawatania waliojifungua mpaka wakasahau maumivu. Pacha wake walikuwa wameanza shule, na zamu za usiku zilimchosha. Nafasi ya kliniki ya watoto, ya mchana tu, ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, aliomba siku hiyo hiyo.

Nafasi ikaenda kwa muuguzi kijana ambaye wenzake walimwita Mwepesi kwa mwendo wake wa haraka. Mwepesi alikuwa na miaka mitatu kazini. Mama Pacha alikuwa na minane.

Hakuuliza kitu. Alinuna. Mwepesi akimsalimu, yeye alijifanya anahesabu sindano. Nyumbani alikoroga chai mpaka ikapoa.

"Mke wangu, umevimba wiki nzima," mumewe alisema siku ya saba. "Umemwuliza nani sababu?"

"Niulize nini? Wana mtu wao."

"Unajua hivyo, au unadhani?"

Mama Pacha akainuka, akamwaga chai iliyopoa.

Kesho yake alishuka chumba cha kufulia. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alikuwa dobi wa hospitali, mtu wa makamo asiyeweza kuzungumza bila kukunja shuka.

"Shika ncha hiyo, dada," alisema. "Haya, nieleze."

Mama Pacha akaeleza yote. "Mwepesi amenizunguka," akamalizia.

"Mwepesi aliomba kazi kama wewe. Hana kosa. Malalamiko yetu si kesi dhidi ya mwenzako. Tunamwuliza mwajiri kama alifuata mkataba." Dobi akachukua kijitabu kwenye rafu. "Chama na mwajiri wamekubaliana hivi. Waombaji wakilingana sifa, mwenye miaka mingi kazini ndiye apewe nafasi. Asiyeridhika aandike ndani ya siku kumi. Leo ni ya ngapi?"

"Ya nane."

"Basi kununa kumekula siku nane."

Mama Pacha akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Usiandike hasira," dobi aliendelea. "Andika uliomba lini, ulijibiwa lini, kifungu gani cha mkataba hakikufuatwa, na unataka nini. Baki na nakala. Lakini kwanza uombe kuona faili lako. Mkataba unakuruhusu."

Katika ofisi ya utumishi, karani alimfungulia faili. Miaka ya kazi: miwili. Mama Pacha alisoma tena, polepole. Miaka sita ya mwanzo alifanya kazi katika zahanati ndogo ya mwajiri huyo huyo, kabla ya kuhamishwa. Barua ya uhamisho haikuwemo.

"Walihesabu walichokiona humu," karani alisema kwa sauti ya chini.

Barua yenyewe ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la nguo. Mama Pacha aliiambatisha kwenye malalamiko yake, akayapeleka siku ya tisa.

Baada ya wiki mbili waliitwa kikaoni, yeye na dobi. Muuguzi mkuu alisoma malalamiko na barua ya uhamisho, akavua miwani. "Kosa ni letu," alisema. Mama Pacha akapewa nafasi. Mwepesi akarudishwa wodini.

Mama Pacha hakushangilia. Alimkuta Mwepesi akitoa vitu vyake kabatini.

"Nisamehe kwa kukunyima salamu," alimwambia. "Hukunikosea."

"Ni kweli, sikukukosea," Mwepesi alijibu. Akabeba mfuko wake, akaenda.

Kwa mwezi mzima salamu zao zilikuwa kavu. Mama Pacha hakulazimisha. Jioni alikula na pacha wake, akawasikiliza wakisoma, akalala usingizi wa kutosha.

Kisha, adhuhuri moja, Mwepesi alisimama mlangoni mwa kliniki.

"Dada, wamebandika nafasi ya pili hapa. Mwaka jana nilisoma kozi ya afya ya watoto. Cheti nilikipeleka ofisini, ila sijui kama kimo kwenye faili."

Mama Pacha alimshusha mtoto aliyekuwa akimpima uzito, akamrudishia mama yake. "Nipe dakika tano nimalize foleni hii. Twende wote."

Karani alipekua faili, ukurasa kwa ukurasa. Cheti hakikuwemo.

Mwepesi akafungua mkoba, akatoa nakala. Wakasimama pale wote wawili, mpaka karani alipoigonga muhuri na kuitia ndani.