Neno la Kwenye Kibao

Kila jioni baada ya shule, Kamusi alivua sare, akafua soksi zake, kisha akaenda kwenye banda la baba yake, fundi baiskeli, kumshikia magurudumu. Jina hilo la Kamusi alibandikwa na Baba, siku alipomsomea maandishi ya Kiingereza kwenye kopo la gundi. Tangu hapo wapangaji wenzao walimletea kila kitu asome: pakiti za dawa, ujumbe wa simu, hata lebo za mashati. Alipojua alisema. Asipojua alibuni, na hakuna aliyewahi kumkamata. Sifa ni ulevi, naye alikwisha kulewa.

"Huyu wangu hana neno 'sijui'," Baba aliwatambia wateja.

Waliishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na kwa miaka mingi Baba na Mama walijinyima ili siku moja wawe na kwao. Hatimaye dalali mmoja akawapeleka kuona kiwanja pembeni mwa mji. Kilikuwa kiangazi kikali. Kote nyasi zilikuwa zimekauka, lakini pale zilikuwa za kijani kibichi. Baba alivua viatu akatembea peku, akicheka peke yake. Mbele ya kiwanja kilisimama kibao cha maelezo kwa Kiingereza.

"Yote yako kwenye kibao, mzee," dalali alisema. "Mimi sifichi kitu."

"Na mimi nimekuja na msomaji wangu," Baba akajibu. "Haya, Kamusi, tuambie."

Alisoma vizuri ukubwa wa kiwanja na umbali wa barabara, mpaka akafika neno la mwisho: "marshy". Hakuwahi kuliona. Akatazama zile nyasi, akajibu kwa madaha, "Maana yake ardhi laini, yenye majani mabichi."

Dalali alikohoa, akatazama pembeni.

"Una hakika?" Mama aliuliza.

"Nina hakika, Mama."

Jasho lao lote likaingia pale. Mama, ambaye alikuwa mshonaji, aliuza hata cherehani yake ili saruji ipatikane. Mwashi akaanza kuchimba msingi.

Kisha ikaja siku ambayo mwalimu wa jiografia aliandika ubaoni neno lile lile.

"Marshy ni ardhi ya kinamasi," alieleza. "Si ziwa wala si mto. Maji yamo ndani ya udongo wenyewe, hayaonekani. Ndiyo maana nyasi zake hubaki mbichi pengine pote pakikauka. Lakini shamba lililonyeshewa jana msiliite marshy. Hilo limelowa tu, kesho jua litalikausha. Kinamasi hata jua likiwaka vipi, chini kuna maji."

"Mtu anaweza kujenga hapo, Mwalimu?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Kujenga anaweza. Kukaa ndiyo kazi!"

Darasa zima likacheka. Kengele ilipolia Kamusi alikimbia hadi kiwanjani akiwa ameazimia kusema. Alikuta ukuta umefika magotini. Mwashi alikuwa ameshika bonge la udongo mweusi.

"Mzee, udongo huu unanitia shaka," alikuwa akimwambia Baba. "Kile kibao kilisemaje?"

"Mwenyewe huyu hapa amefika! Kamusi, mwambie fundi."

Baba alikuwa na saruji mpaka kwenye nyusi, akitabasamu kwa fahari. Kamusi alifungua mdomo, akautazama uso ule, ujasiri wote ukamtoka.

"Ardhi laini," alisema, "yenye majani mabichi."

"Haya," mwashi akasema. "Anayejua amesema."

Ukuta ukaendelea kupanda. Kila siku Kamusi alijiambia kwamba atasema kesho, na kesho haina mwisho. Wakaezeka, wakahamia.

Mvua za kwanza ziliponyesha, maji hayakupita kwenye paa wala mlangoni. Yalipanda kutoka sakafuni. Godoro likalowa, kuta zikapasuka, mlango ukagoma kufungika, na mdogo wake Kamusi akaanza kukohoa kifua kizima. Baba alimburuta dalali mpaka kwenye kibao. Dalali alijifuta matope tu.

"Nilikuonyesha, mzee. Si ulikuja na msomaji wako?"

Baba alirudi akakaa kitandani, miguu ameipandisha juu. "Mjinga ni mimi," alimwambia Mama. "Nimewatia majini kwa mikono yangu."

Kamusi hakuweza kuvumilia tena. "Baba, mimi nilijua. Mwalimu alitufundisha lile neno."

"Lini?"

"Ukuta ulipokuwa magotini."

"Siku ile mwashi alipouliza?"

Kamusi aliinamisha kichwa. Baba alitoka akasimama kwenye matope, mvua ikimpiga. Hakumgusa, hakumgombeza. Kamusi alitamani angechapwa.

Mkulima wa miwa alikubali kukikodi kiwanja, kwa kuwa miwa hupenda maji. Mabati na milango viliuzwa, nao wakarudi kupanga chumba kidogo kuliko kile cha zamani. Mtoto aliacha kukohoa. Cherehani haikurudi. Mama sasa alishona kwa mkono, na Kamusi alimtungia uzi.

"Mama, bado una hasira na mimi?"

"Ninayo, sitakudanganya," Mama alisema bila kuinua macho. "Siku ya kibao hukujua, na kutojua si dhambi. Hata sisi tulikosa, tulikuvika kilemba cha ukoka, tukakutwika kazi ya watu wazima. Lakini siku ya mwashi ulikuwa unajua. Ungesema, tungepoteza msingi tu. Ulichunga sifa zako, ukatuachia hasara. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu."

Kamusi alilia. Mama alimwacha alie, kisha akaweka sindano chini.

"Umemaliza? Sasa sikiliza. Tangu nyumba yetu ipasuke, mwashi hapati kazi. Mji mzima unasema hajui kujenga. Kesho asubuhi utakwenda na baba yako pale mafundi wanapokaa kusubiri kazi, umwombe radhi mbele ya watu wote. Waambie ulijua nini, na ulijua lini."

"Watanicheka, Mama."

"Watakucheka," Mama alisema. "Na yeye atapata kazi."