Mzee Aliyegeukia Vitabu

Ukutani pa soko la Iringa, mwaka 1957, Danieli alikuwa anabandika tangazo. Gundi ya unga ikamdondokea binti aliyekuwa anapita na kikapu cha njegere.

"We kaka! Hili gauni langu la kanisani!"

"Nisamehe, dada. Lakini soma kwanza, hasira itapungua."

Binti akasoma. Gitaa kavu, banjo na fidla, maktaba ya mji, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa tisa alasiri, bure.

"Bure? Basi hamjui kupiga."

Akaenda zake anacheka. Lakini Jumamosi alifika, na kila mwisho wa mwezi akafika.

Binti huyo ni Atuganile, Mnyakyusa wa Mbeya, aliyekuwa anakaa mtaa wa Mlandege kwa kaka yake Isakwisa, fundi wa magari. Danieli alikuwa Mhehe, mtunza vitabu wa maktaba ile na mpiga gitaa wake. Baada ya miezi minne akamwomba wafunge ndoa.

"Jibu nitakupa Jumamosi," alisema Atuganile, macho chini.

Wiki ile Danieli hakula vizuri. Aliogopa. Akamwita baba yake kutoka kijijini bila kumwambia mchumba, akidhani hivyo anampa binti heshima.

Siku ikafika. Watu wamebanana kati ya makabati, mvua inanyunya nje. Atuganile akaingia na gauni la njano, khanga mabegani, viatu vyeupe. Danieli akaweka gitaa chini.

"Baba, Atuganile ndiye huyu."

Mzee akasimama na koti lake refu na kandambili za tairi, akanyoosha mkono, akamsalimia Kihehe. "Kamwene, mwanangu!"

Atuganile akajifunika khanga kichwani, akainama, akakimbia. Kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

"Mchumba katoroka!" mtu akapiga kelele. Watu wakacheka.

Mzee akaketi polepole. "Nimemtisha nini? Ni uso wangu, au ni hizi tairi?"

Danieli akaenda kuokota kile kiatu. Mara simu ya ofisini ikalia.

"Danieli? Isakwisa hapa, gereji. Umemfanya nini dada yangu? Analia, anataka basi la Mbeya la saa kumi na moja!"

"Mimi? Yeye ndiye kanikataa mbele za watu! Kamkimbia baba yangu!"

Kisha Isakwisa akaangua kicheko.

"Shemeji, kwetu mwanamke haonani na baba mkwe. Hampi mkono, hata njiani anampisha vichakani. Angekuwa amekukataa, angemsalimia vizuri tu kama mzee yeyote."

Danieli akashika meza. "Mpe simu, nakuomba."

Sauti ya Atuganile ilikuwa nyembamba. "Kwa nini ulinifanyia vile? Kaniona uso, Danieli. Ulitaka nipatwe na mabaya?"

"Sikujua, kipenzi! Kwetu mkwe anasalimiwa. Rudi."

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Basi siji. Naogopa."

Simu ikakatwa. Danieli akarudi, akamweleza baba yake sikioni. Mzee akainua kiti chake, akakigeuza mpaka kikatazama kabati, akashusha kofia machoni.

"Tuma mtu akamwambie natazama vitabu. Kusoma sijui, ila migongo yake naiona."

Kijana mmoja akatumwa mbio gereji. Fidla na banjo zikaendelea. Danieli alipiga vibaya, jicho dirishani, masikio kwenye honi ya basi. Honi ikalia mbali, saa kumi na moja.

Ndipo khanga iliyolowa ikatokea nje ya dirisha, na chini yake macho mawili.

"Amekuja?" mzee akauliza bila kugeuka.

"Amekuja, baba."

"Amevaa viatu?"

"Kimoja. Kingine ninacho hapa."

"Sasa unangoja nini? Mwenzako anapigwa baridi."

Danieli akatoka na kiatu, akapiga goti matopeni, akamvisha.

"Jibu umelipata?" akanong'ona Atuganile, bado anatetemeka.

"Nimelipata."

Ndani, mzee akaviuliza vitabu kwa sauti kubwa, "Kasemaje?"