Mawe ya Mlangoni pa Zahanati

Pembe ya msaragambo ililia asubuhi na mapema. Eliwaza akatua kibuyu cha maji, akachukua jembe. Hata wakati ule Waingereza walipotawala, pembe ikilia katika milima ya Upare, kila nyumba ilitoa mtu wa kufanya kazi ya pamoja. Baba yake, fundi mawe Hezroni, alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni. Mama yake alilala kitandani, mguu umevunjika. Basi Eliwaza, binti wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekwenda.

Kazi ilikuwa kutandika mawe bapa kwenye njia ya kuingia zahanati, na kila nyumba ilipewa kipande chake. Jumbe Eliufoo, mkuu wa kijiji, alikuwa na haraka kwelikweli.

"Bwana Shauri anakuja Jumamosi kutoka Same," alitangaza, akimtaja mkuu wa wilaya, Mwingereza. "Ijumaa jioni nataka njia iwe imekwisha!"

Loo, watu wakalipua kazi! Walikwangua majani, wakapanga mawe juu ya udongo laini, wakafagia. Kwa macho ilipendeza. Eliwaza yeye alichimba mpaka akafikia udongo mgumu, akamwaga changarawe, akashindilia kwa gogo, akatandaza mchanga. Ndipo akalaza mawe, yakiinama kidogo upande wa mfereji. Alhamisi jioni alikuwa hajafika hata nusu.

"Mwenzetu, unachimba kaburi?" jirani yao Dorkas alimcheka.

Jumbe akaja, fimbo mkononi.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Acha mashimo hayo. Panga mawe juu kama wenzako."

"Sipangi."

Watu wote wakageuka kutazama. Mtoto kumjibu Jumbe hivyo!

"Unasemaje?"

"Sipangi juu ya udongo laini, Jumbe. Mama yangu aliteleza hapa hapa akifuata dawa, akavunjika mguu. Mawe haya yakititia, ataanguka mwingine."

"Basi kipande hiki nampa mtu mwingine. Na barazani nitasema nyumba ya Hezroni ni ya wavivu."

Baba yake, mvivu? Machozi ya hasira yakamlengalenga Eliwaza. Lakini hakurudi nyuma.

"Sema tu, Jumbe. Ila kwanza upite juu ya kazi yao."

Alichota maji mferejini kwa debe, akayamwaga kwenye kipande cha Dorkas. Akamwaga la pili, na la tatu. Jumbe akakanyaga. Jiwe likabonyea, tope likamrukia mpaka magotini, naye angeanguka chali kama Dorkas asingemdaka mkono. Kisha Eliwaza akamwaga madebe matatu juu ya mawe yake mwenyewe. Maji yakateremka yote mferejini. Jumbe akapanda, akaruka mara moja, akaruka tena.

"Hayachezi," alisema polepole. Akawageukia watu. "Ng'oeni yote. Tunaanza upya."

"Na Bwana Shauri je?" Dorkas aliuliza.

"Aje tu. Ng'oeni!"

Jumamosi Bwana Shauri alifika, buti zinang'aa, akakuta njia nzima imechimbwa na mvua ya jana imeacha matope kila mahali.

"Nini hii? Wekeni mawe nipite!"

Jumbe alivua kofia, lakini hakusogea. "Njia haijaisha, Bwana. Pita pembeni."

Bwana Shauri akakodoa macho, akangoja. Hakuna aliyegusa jiwe. Mwishowe akapita matopeni, buti zikizama. Eliwaza aliziba mdomo asicheke.

Mgeni alipokwisha kuingia ndani, Jumbe akamwita Eliwaza mbele ya wote.

"Mimi nilitaka kumpendeza mtu wa siku moja, nikawasahau wagonjwa wanaopita hapa kila siku," alisema. "Binti huyu alikubali kuitwa mvivu, lakini kazi mbovu akaikataa. Nanyi watoto mfanye hivyo. Mkubwa akikosea, mwambieni kwa heshima, lakini mwambieni. Hata akiwa ni mimi. Haya, leteni changarawe!"